Mchezo uko tayari, ruhusa hakuna: namna watengenezaji wa konsole wanafungia michezo mlango wa inchi zingine

Mwezi wa 12 mwaka wa 2005, kampuni moja ndogo ya mji wa Redding, kaskazini mwa California huko Marekani, ilifunga milango. Iliitwa Working Designs. Kwa miaka karibu kumi na tano ilifanya kazi moja kubwa: kuchukua michezo ya video iliyotengenezwa Japani, kuitafsiri kwa Kiingereza, kuiweka ndani ya maboksi mazuri na kuiuzisha kwa Wamarekani. Mkubwa wake, Victor Ireland, aliwaandikia wateja kuwaaga. Katika sababu alizotaja kulikuwa hii: mchezo mmoja wa Goemon, ambao kampuni ilitaka kuleta kwenye PlayStation 2, ulikosa ruhusa ya Sony ya Marekani.

Goemon ni mwizi wa hadithi za zamani za Kijapani, yule anaiba kwa matajiri na kuwapa maskini. Kampuni ya Konami imetengeneza michezo yake tangu 1986. Mchezo ambao Ireland alitaka haukuwa wazo la kwenye karatasi. Ulikuwa umekwisha kutengenezwa, ulikuwa unauzishwa madukani huko Japani, na ulichezwa kwenye PlayStation 2, mashine ya Sony yenyewe. Sony ya Japani iliukubali. Sony ya Marekani haikuukubali. Kazi ikakwama pale.

Mtu ambaye amezoea kompyuta ao simu anaweza kuuliza: kampuni imepata haki ya mchezo, imepata watafsiri, imepata feza, nani tena anaweza kuikataza kuuzisha?

Kwa konsole, mtu huyo yuko. Ni yule aliyetengeneza mashine.

Kompyuta ni sawa soko la barabarani: kila mtu anaweza kutandika mfuko wake chini na kupanga bidhaa. Konsole ni sawa soko lenye ukuta na mlango mmoja, na mwenye ukuta ndiye anashika ufunguo. Kampuni inayotaka kuuzisha mchezo wa PlayStation, wa Nintendo ao wa Xbox inatia kwanza sahihi kwenye mkataba na mwenye mashine. Kisha inamwonyesha wazo la mchezo, na hapo anaweza kusema hapana mbele hata ya kuona kazi nzima. Akikubali, kazi ikiisha inarudi kwake kupimwa: je, mchezo unakwama, unapoteza kazi ya mchezaji, unatumia vibaya majina ya vitufe vya manete? Ukifaulu, kwa miaka mingi ni yeye mwenyewe aliyetengeneza diski ao kaseti, na kwa kila nakala alikuwa na sehemu yake. Na tena mambo haya hayafanyiki mara moja kwa dunia nzima. Sony ilikuwa na ofisi ya Japani, ya Marekani na ya Ulaya, kila moja na wakubwa wake, na ruhusa ya moja haikufunga mikono ya nyingine.

Mambo haya yalianza mbele ya Sony kuingia kazini. Mwaka wa 1983 biashara ya michezo ya video ilianguka vibaya Marekani. Maduka yalijaa kaseti mbaya za kampuni ambazo hakuna mtu aliyezijua. Wateja walichoka, wenye maduka wakauzisha kwa hasara, na wengi wakasema mchezo wa video umekufa. Nintendo ilipoingia Marekani mwaka wa 1985 haikutaka kurudia kosa hilo. Ndani ya mashine yake iliweka chipu iliyoitwa 10NES, na ndani ya kila kaseti halali chipu nyingine ndogo. Mbili hizo zikizungumza na kuelewana, mchezo unaanza. Kama kaseti haina chipu ya Nintendo, mashine inakataa. Halafu ikaweka sheria: kila kampuni iliyopewa leseni haikuweza kutoa zaidi ya michezo 5 kwa mwaka, na kaseti zote zitengenezwe na Nintendo, zilipwe mbele.

Konami iliona 5 ni kidogo sana. Mwaka wa 1988 ikaunda huko Marekani kampuni ya pili, Ultra Games, yenye ruhusa yake ya michezo 5. Nintendo ilijua na ikaacha. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani aliyewahi kugawa mzigo mmoja kwa majina mawili ataelewa bila kuelezwa zaidi.

Nintendo ya Marekani iliangalia pia yaliyomo ndani ya michezo. Misalaba, pombe na damu vilitoshwa katika michezo mingi iliyotoka Japani. Mwaka wa 1993 mchezo wa kupigana Mortal Kombat ulitoka kwenye mashine mbili zilizokuwa zinashindana. Kwa Nintendo damu iligeuzwa jasho la rangi ya majivu. Kwa Sega mchezaji aliweka kodi fulani na damu ikatoka. Mwisho wa mwaka ule maseneta wa Marekani waliita kampuni hizo kujieleza, na mwaka wa 1994 likazaliwa shirika la ESRB, linaloandika kwenye boksi mchezo ni wa watoto wa umri gani. Wengi walifikiri nyuma ya hapo ubishi umekwisha: alama iko, mzazi ataamua. Lakini alama ile haikumwondolea mwenye mashine haki ya kusema hapana, na sababu zake mara nyingi hazikuwa damu wala pombe.

Sababu za Sony ya Marekani zilikuwa juu ya sura. PlayStation ya kwanza ilipofika huko mwaka wa 1995, nguvu yake ilikuwa kuonyesha vitu vya pande tatu, vinavyoonekana kama vina kina. Mmoja wa wakubwa wa kwanza wa ofisi ile, Bernie Stolar, alijulikana kwa kutopenda michezo ya kuchorwa ya pande mbili, na pia ile michezo mirefu ya hadithi ambayo Wajapani wanaipenda sana. Mawazo yake yalikuwa ya biashara: mteja akiona kwenye televizyo picha inayofanana na ya mashine ya zamani, ataona juu ya nini anunue mpya? Hayo yanaeleweka. Lakini uamuzi wa aina hii haupimi kama mchezo ni mzuri ao mbaya. Unapima tu kama unapendeza kwenye tangazo.

Mfano wa ajabu kuliko yote ni Arc the Lad. Mchezo huo ulitoka Japani mwaka wa 1995, na aliyeutoa huko ni Sony yenyewe. Ulipata wapenzi wengi, ukafuatwa na wa pili na wa tatu. Wamarekani walisubiri. Working Designs ndiyo iliyokuja kuitafsiri yote na kuiuzisha katika boksi moja, mwaka wa 2002, wakati PlayStation 2 ilikuwa imekwisha kufika Marekani tangu 2000. Miaka 7 ilipita kwa mchezo wa Sony kuingia kwenye mashine ya Sony, na aliyeuvusha ni mtu mwingine.

Kampuni ndogo zilijifunza kutembea na hali hiyo. Njia moja ilikuwa kufunga michezo miwili pamoja, ili mzigo uonekane una uzito mbele ya wenye mlango na mbele ya mteja. Michezo ya kupigana The King of Fighters 2000 na 2001, iliyouzishwa mmoja mmoja huko Japani, ilifika kwenye PlayStation 2 ya Marekani katika boksi moja. Metal Slug 4 na 5 ikafuata njia hiyo. Working Designs nayo ilifunga Growlanser ya pili na ya tatu pamoja, mwaka wa 2004. Kwa mteja ilikuwa bahati: michezo miwili kwa bei ya mmoja. Kwa kampuni ya watu wachache ilikuwa kutafsiri mara mbili na kuuzisha mara moja.

Na Stolar je? Aliondoka Sony akaenda kuongoza Sega ya Marekani. Huko alikuta mashine ya Saturn inauzishwa vibaya, na mwaka wa 1997, katika maonyesho makubwa ya E3 huko Atlanta, akasema wazi kwamba Saturn si maisha ya mbele ya kampuni. Working Designs ilikuwa inatafsiria Saturn wakati ule. Ireland aligombana na Sega kwenye maonyesho yale yale, akahamia PlayStation. Mchezo wa mwisho wa Saturn kutolewa Marekani, Magic Knight Rayearth wa mwaka wa 1998, ulikuwa wa Working Designs, kazi iliyokuwa imebaki mikononi. Ni kusema kampuni hii ndogo ilikimbia mlango mmoja ikaenda kwenye mwingine, na ule mwingine ndio uliokuja kuikataa Goemon.

Kampuni kama Working Designs haina mashine yake wala michezo ishirini ya kubadilisha. Haki za mchezo zinalipwa mbele, watafsiri wanalipwa kila mwezi, watu wa sauti wanalipwa. Barua ya "hapana" ikifika, feza zile hazirudi. Kwa kampuni kubwa, mchezo mmoja kukataliwa ni mstari katika hesabu. Kwa kampuni ya Redding ulikuwa kati ya mambo yaliyoiua.

Mara nyingine anayekataa hakatai mzigo wa mtu, anakataa wa kwake. Mwaka wa 2010 Nintendo ilitoa Japani mchezo mrefu wa mashine ya Wii, Xenoblade Chronicles. Mwezi wa 8 mwaka wa 2011 ukatoka Ulaya, maneno yote kwa Kiingereza, sauti zilizorekodiwa na waigizaji wa Uingereza. Kazi ya kutafsiri haikuwa matata tena. Lakini Nintendo ya Marekani ilikuwa inakaa kimya. Wapenzi wakajipanga, wakaita mpango wao Operation Rainfall, wakaomba michezo mitatu: Xenoblade, The Last Story na Pandora's Tower. Waliandika barua, na wakafanya jambo lenye akili zaidi: waliagiza Xenoblade mbele kwenye duka la Amazon, chini ya jina la zamani ambalo duka liliacha kwenye orodha, mpaka ikapanda namba moja ya michezo. Mwezi wa 4 mwaka wa 2012 Xenoblade ikatoka Marekani, ikiuzishwa na maduka ya GameStop na Nintendo yenyewe tu. Michezo mingine miwili ilichukuliwa na kampuni ndogo, XSEED, mwaka wa 2012 na 2013.

Lakini Mmarekani yule, juu ya nini hakununua tu diski ya Ulaya kwa posta? Hapa ndipo kuna ufunguo wa pili. Wii ilikuwa na zona. Diski ya Ulaya ndani ya Wii ya Marekani haichezi, hata kama zote ni halali na zimelipwa. PlayStation ya kwanza na ya pili zilikuwa vilevile: dunia iligawanywa katika Japani, Marekani na Ulaya, na inchi zingine zilifuata moja kati ya hizo. Bila zona, ruhusa ya ofisi moja ya Sony ingetosha kwa dunia nzima, juu watu wangeagiza tu. Zona ndiyo iliyoipa "hapana" nguvu yake.

Hapo ndipo mafundi waliingia kazini, na chipu ndogo wanayounganisha ndani ya PlayStation ili isiulize tena zona. Chipu ile inafungua mashine pia kwa CD za kunakili, na Sony ilishitaki. Uingereza mahakama iliipa Sony haki mwaka wa 2004. Australia, mwaka wa 2005, Mahakama Kuu iliamua kinyume: fundi mmoja wa Sydney aliyekuwa anauzisha chipu hakuvunja sheria ya haki za watunzi ya inchi ile. Mashine moja, chipu ya aina moja, majaji wawili hawakupatana.

Duka la Lik-Sang la Hong Kong halikupata bahati ya fundi wa Sydney. Lilijulikana duniani kwa kutuma michezo na mashine za Asia kwa watu wa kila inchi. PSP ya Sony ilipotoka Japani mwisho wa 2004, watu wa Ulaya walitakiwa kusubiri hadi mwezi wa 9 mwaka wa 2005. Wengi waliagiza Lik-Sang. Sony ilishitaki, ikashinda huko London mwezi wa 10 mwaka wa 2006, na siku chache nyuma ya uamuzi duka likatangaza kufunga. Kumbuka: PSP zile zilikuwa za kweli, zilizotengenezwa na Sony na kulipwa kwa bei yake. Kosa lilikuwa kuzivusha.

Haki yao inafaa isemwe pia. Kampuni za konsole zinajibu kwamba mteja akinunua mchezo unaoharibika, hamtukani aliyetafsiri. Anatukana jina lililo kwenye mashine. Nafasi kwenye rafu ya duka ni ndogo. Sheria za watoto hazifanani toka inchi hadi inchi. Yote ni kweli, na mwaka wa 1983 unashuhudia. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayoeleza vizuri juu ya nini mchezo uliopimwa na kuuzishwa Japani bila matata ukataliwe ng'ambo. Na aliyekataliwa mara nyingi hapewi maelezo anayoweza kuonyesha mbele ya watu, kwa kuwa mikataba ya kazi hii ni ya siri.

Hapa Congo mambo ya Goemon yanaweza kuonekana ya mbali. Vijana wanaolipia dakika kwenye nyumba za michezo za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wanataka mpira, hawaulizi habari za mwizi wa Japani. Lakini mashine wanazochezea zilifika kutoka Ulaya, Dubai ao Kampala, mara nyingi zikiwa zimetumika, na kila moja ilizaliwa na zona yake. Wengi wanakumbuka PlayStation 2 ya Ulaya, unaweka diski aliyokuletea mjomba kutoka Marekani, televizyo inageuka nyekundu na kusema weka diski ya PlayStation. Diski si mbaya. Ni zona. Fundi wa kartie alijua dawa, na chipu ileile ilifungua pia mlango kwa CD za kunakili. Hakuna haja ya kuficha.

Siku hizi ukuta umehama. PlayStation 4 na 5 zinakubali diski za michezo za popote, na Nintendo Switch, iliyotoka mwaka wa 2017, haina zona kwa kaseti zake za kawaida. Sasa ufunguo uko kwenye konti. Anayefungua konti ya PlayStation anaombwa kuchagua inchi, na Congo haimo katika orodha. Afrika Kusini iko. Basi mtu anachagua Ufaransa, Ubelgiji ao Marekani, ingawa masharti yanataka useme ukweli, na anayedanganya hana pa kulalamika konti ikifungwa.

Kwenye koltani ya Rubaya kunatoka tantali, ile inayoingia ndani ya vipande vidogo vya mashine za elektroniki za aina zote. Lakini duka la mashine haliijui inchi.

Mwaka wa 2024 jambo hili lilionekana dunia nzima. Mchezo Helldivers 2, wa kampuni Arrowhead ya Uswidi, uliokuwa unatolewa na Sony, uliuzishwa pia kwa watu wa kompyuta kwenye duka la Steam. Mwezi wa 5 Sony ikatangaza kwamba hao nao watalazimika kuwa na konti ya PlayStation. Matokeo: mchezo ukatoshwa sokoni katika inchi zaidi ya 170 zisizo na konti hizo, wakati watu wa huko walikuwa wamekwisha kulipa. Maelfu na maelfu ya wachezaji waliandika malalamiko, pia wale wa inchi zilizokuwa na haki, na nyuma ya siku chache tu Sony ikarudi nyuma na kuacha lile sharti.

Kwa anayecheza hapa, mambo machache yanafaa kujulikana mbele ya kutoa feza. Inchi ya konti ya PlayStation haibadiliki. Ukitaka nyingine, unafungua konti mpya, na michezo uliyonunua kwa kuipakua inabaki kwenye ya zamani. Diski inaweza kutoka popote, lakini vipande vya kuongeza vinavyonunuliwa kwa intaneti vinataka konti ya zona ya diski ile. Ndiyo maana mtu ananunua timu mpya ao mavazi na havionekani kwenye mchezo wake. Kwa Nintendo ni nafuu kidogo, juu inchi ya konti inaweza kubadilishwa. Na kadi za kununulia zina inchi zao: ya dola ya Marekani haiingii kwenye konti ya Ufaransa, na kadi ikishakwanguliwa duka halirudishi feza. Anayetumiwa kadi na ndugu wa Bruxelles ao wa Dallas amwambie mapema konti iliandikwa inchi gani.